Ya Tatu Haichekeshi

Mwishoni mwa 2025, habari za kuandaliwa kwa Rush Hour ya nne ziliposambaa, binamu yangu alinitumia ujumbe: "Binamu, Mchina na Mweusi wanarudi. Jiandae kulia tena." Nilikuwa nyumbani Kibaha, nimefungua tasnifu ya uzamili ambayo msimamizi wangu ameirudisha kwa mara ya tatu. Nikamjibu kwa vikatuni vitatu vya kucheka. Sikuwa nimecheka.

Habari ya kulia ni hii. Nilipokuwa darasa la nne nilipelekwa kwa bibi, Kisarawe, likizo ya Juni. Wilaya zetu zinapakana, lakini tulizungukia Dar es Salaam, tukapandisha Pugu, nikashuka mgeni kabisa. Binamu, mtoto wa mjomba, aliagizwa anitembeze. Hakutaka, na mimi sikumtaka. Akanipeleka banda la video, shilingi mia kwa kichwa, picha ikiwa Rush Hour ya kwanza, ile ya 1998, ya kutafsiriwa. Umeme ukakatika Jackie Chan akiwa ananing'inia. Niliililia mia yangu kwa sauti, banda zima likanicheka. Binamu hakucheka. Alikwenda kumdai mwenye banda hela zetu.

Picha yenyewe ilikuwa kama sisi. Lee anatoka Hong Kong kumtafuta binti wa balozi mdogo wa China aliyetekwa. FBI hawamtaki, wanamtupia Carter, polisi wa Los Angeles, amzungushe mjini. Wote wawili wamedharauliwa, na vichekesho vyote vinachipuka hapo. Mtafsiri wetu aliwasemesha wote Kiswahili, Carter akawa mtoto wa Manzese na Lee akapewa lafudhi ya Kipemba. Bado tulielewa kwamba hawaelewani.

Ya pili, ya 2001, bado ina nguvu, maana wako Hong Kong na sasa mgeni ni Carter. Ya tatu, ya 2007, iko Paris, na hakuna mwenyeji. Carter anaongoza magari barabarani huku anacheza muziki. Baadaye yanakuja mabishano marefu kuhusu watu wanaoitwa Yu na Mi. Wengi husema steringi walikuwa wamezeeka. Mimi naona wameandikiwa kujifanya wamekutana jana. Watu waliookoana mara ngapi sijui, eti bado kichekesho ni lugha!

Mjomba alifariki 2023. Nilikuwa na mitihani, sikwenda kuzika. Nilituma rambirambi kwa simu. Nilikwenda miezi mitatu baadaye, na njia nzima kutoka Mbezi nilikuwa napanga maneno. Binamu akanipokea stendi kwa kelele: "Mlizi wa banda kafika!" Nikacheka kwa nguvu kuliko siku zote, kwa nafuu niliyoipata. Yale maneno niliyoyapanga yakarudi nayo Kibaha. Tangu hapo tumekutana mara nne au tano, na kila mara ni mkanda uleule: mia, umeme, kilio. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikuja. Mimi sijawahi kumuuliza ile siku ilikuwaje.

Usiku wa ujumbe ule niliirudia ya tatu, kwenye kompyuta, bila mtafsiri. Ni mbovu kama nilivyoikumbuka, isipokuwa mahali pamoja. Lee na Carter wamegombana, kila mtu kashika njia yake. Lee yuko peke yake na kuku wa kukaanga, chakula cha Carter. Carter naye yuko kwenye mgahawa wa Kichina. Nikaisimamisha hapo.

Saa sita na dakika kadhaa nikamwandikia: "Binamu, mjomba mlimlaza upande gani?"

Alijibu asubuhi. "Nyuma ya mkorosho wa bibi. Majani yameota. Njoo Jumamosi, jembe lipo."