Seven Forks: maji yale yale, stima mara tano

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu mto. Usifunge ukurasa kwanza. Kama uko Kenya, sehemu ya stima inayowasha tarakilishi yako yatoka Mto Tana, na mimi niliyesomea sayansi ya tarakilishi miaka minne sikuwahi kufundishwa mfumo mzuri wa kujifunzia kuliko huu.

Mabwawa ya Seven Forks yamejipanga kama shanga kwenye uzi. Jina lasema saba, lakini mitambo iliyojengwa ni mitano. Ukitoka juu kwenda chini, na mwaka kila mmoja ulipoanza kazi, ni hivi:

- Masinga (1981), megawati 40
- Kamburu (1974), megawati 94
- Gitaru (1978), megawati 225
- Kindaruma (1968), megawati 72
- Kiambere (1988), megawati 168

Jumla ni karibu megawati 600. Hesabu hizo ni za sasa, baada ya marekebisho. Kindaruma, kwa mfano, ilianza na megawati 40 tu, na Gitaru iliongezewa mtambo wa tatu mwaka 1999.

Hebu tazama miaka hiyo tena. Mpangilio wa mto si mpangilio wa ujenzi. Kindaruma ni ya nne kutoka juu, lakini ndiyo ya kwanza kujengwa. Masinga, iliyo juu ya zote, ilikuja miaka 13 baadaye. Yaani kwa miaka hiyo yote mitambo ya chini ilitegemea mto uje kama unavyokuja: Aprili umefurika, Septemba umenywea. Masinga ilijengwa ili kuweka akiba: lijaze wakati wa masika, litoe polepole wakati wa kiangazi. Ukijaa hadi mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, Masinga hubeba takriban mita za ujazo bilioni 1.56. Gitaru hubeba kama milioni 20 tu.

Sasa linganisha na orodha hapo juu. Bwawa linalobeba maji mengi kuliko yote ndilo lenye megawati chache kuliko yote. Sifa zote zinakwenda Gitaru, lakini bila Masinga, Gitaru haina la kujivunia kiangazi kikija. Wenzangu wa kazi mnaelewa. Kila mfumo una sehemu moja isiyoonekana na mtumiaji, ambayo ikifa, wote wanakufa nayo.

Tufanye hesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, ikianguka mita 100, na mtambo ukiwa mzuri, hutoa karibu robo ya yuniti ya stima. Kwa hivyo lita 4,000 zikianguka mita 100 zatupa yuniti moja. Unaponunua tokeni, fikiria mapipa 20 makubwa ya lita 200 yakimwagwa kutoka juu ya jengo refu la Nairobi kwa kila yuniti. Uzuri wa Tana ni kwamba maji hayo hayaishi. Yakitoka Masinga yanaingia Kamburu, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, kisha Kiambere. Tone lile lile latupa stima mara tano.

Wikendi moja niliandika programu ndogo kwa lugha ya Python ya kuiga mabwawa haya. Kila bwawa lina ujazo wake, maji yanayoingia na maji yanayotoka, na kinachotoka la juu ndicho kinachoingia la chini. Nikajaribu kanuni mbili. Ya kwanza: toa stima kadiri watu wanavyotaka leo. Ya pili: punguza mapema Masinga inapoanza kushuka. Mvua ikiwa nzuri, kanuni ya kwanza yashinda. Nikiiwekea misimu miwili mfululizo ya mvua haba, kanuni ya kwanza inakausha bwawa na mnyororo wote unalala. Ya pili inabaki hai, lakini kwa kuwanyima watu stima wakati bwawa bado linaonekana limejaa nusu. Nani atakubali kuzimiwa taa huku maji yanaonekana?

Hili halikutokea kwenye tarakilishi yangu tu. Mwaka 2000 ukame ulileta mgao mkali wa stima nchini. Mwaka 2009 mtambo wa Masinga ulifungwa kwa kukosa maji, na mgao ukarudi. Tangu hapo nchi imejifunza. Mvuke wa ardhini wa Olkaria sasa ndio unaoongoza, na upepo wa Turkana umeongezwa. Lakini saa moja jioni nchi nzima inapowasha taa pamoja, mabwawa bado yanahitajika sana, kwa sababu mtambo wa maji waweza kuongezwa au kupunguzwa kwa dakika chache.

Hata hivyo kuna kitu ambacho programu yangu haikuwa nacho: udongo. Niliuandika ujazo wa Masinga kama nambari isiyobadilika. Mto haujui nambari kama hiyo. Kila masika udongo unateremka kutoka mashamba ya juu na kukaa chini ya bwawa, na watafiti wamekuta unaingia kwa wingi kuliko wajenzi walivyokadiria. Akiba inapungua bila kelele.

Na hapo ndipo jambo hili linaponigusa nyumbani. Sisi ni watu wa Murang'a, upande wa Maragua. Shamba la baba yangu ni ekari moja na kidogo, limeinama kama paa. Mahindi, maharagwe, kahawa michache na ng'ombe wawili. Mvua ikinyesha, mto hapo chini unageuka rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni shamba letu likielekea Masinga.

Krismasi iliyopita nilimwomba tuchimbe fanya juu. Kwa asiyejua, ni mtaro unaochimbwa kukata mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu, na nyasi kupandwa kwenye tuta. Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mitaro mitano itakula mistari mingapi ya mahindi?"

Tukahesabu pamoja. Si michache.

"Sasa mahindi yangu yapungue ili stima ya Nairobi isipungue," akasema. "Huyo wa Nairobi atanilipa nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani swali lake ndilo kiini cha mambo yote. Mtu wa juu anabeba gharama, mtu wa chini anapata faida, na katikati kuna mto usiotoa risiti. Si mawazo ya bure: mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Upper Tana ili wanaofaidika na maji wasaidie wakulima wa juu kuhifadhi udongo. Ni mwanzo mzuri. Lakini mlima una mashamba mengi.

Na chini ya Kiambere kuna wengine tena. Wapokomo wamelima kingo za Tana kwa kufuata mafuriko tangu zamani. Mabwawa yakibana maji, mafuriko madogo yenye rutuba yanapungua. Mabwawa yakifurika, kama mwaka 2024, Garissa inaogelea. Nao pia hawamo kwenye programu yangu.

Mwishowe mimi na baba tulichimba mitaro miwili, sehemu yenye mteremko mkali zaidi. Vibarua nililipa mimi, kwa mshahara ninaoupata nikiwa nimechomeka waya ukutani. Juu ya matuta tumepanda nyasi ya napia, na ng'ombe wanaikubali. Mitaro mitatu iliyobaki, baba amesema ataamua baada ya kuvuna na kuona gunia ngapi zimepungua. Ni haki yake.

Wewe msomaji, kwenu ni juu ya mto au chini? Na kama ungepewa ufunguo wa Masinga mwezi wa Juni, mvua ikiwa imekosa, ungefuata kanuni gani?