Kindu: Motari wa Mikelenge na tairi lenye upara

Mvua zimerudi Kindu, na kwa wamotari wa komini ya Mikelenge swali ni lile la kila mwaka: tairi la nyuma liko namna gani? Motari mmoja wa huko, baba wa watoto watatu, alichelewa kulijibu, na nusura mtoto wa watu alipe.

Baba huyu anaendesha pikipiki isiyo yake. Kila jioni anampelekea mwenyewe pesa walizopatana, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Mafuta ni juu yake, matairi pia. Basi tairi la nyuma lilipoisha meno, alisema moyoni: ningoje kwanza nilipe shule ya binti mkubwa, aliye sekondari. Mjini halikumsumbua. Kwenye barabara chache za lami, jua likiwaka, lilikuwa linakamata vizuri. Wenzake pia walimpa sababu ya kutulia: magari ya mashindano kwenye televisheni si yana matairi laini kama upara, na bado yanakimbia kupita yote?

Siku moja alimbeba mama mmoja aliyekimbia vita vya Kivu, pamoja na mtoto wake mdogo na mfuko wa unga. Walivuka Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, wakashika njia ya Kalima. Usiku kulikuwa kumenyesha. Kwenye mteremko wa kwanza wa udongo mwekundu alikanyaga breki polepole. Gurudumu likasimama, lakini pikipiki haikusimama. Sehemu ya nyuma ikaenda upande, wote watatu wakalala kwenye tope. Mama aliumia goti. Mtoto alilia sana, lakini hakuvunjika popote. Mfuko ulipasuka, na mama akabaki anakusanya kwa mikono unga wa juu ambao haujaguswa na tope.

Motari alimrudishia pesa yake. Mama aliipokea, akauliza neno moja tu: "Papa, ulijua kwamba tairi liko hivi?" Hakujibiwa.

Kesho yake baba huyo alienda kwa kwado, mzee anayeziba matairi kando ya barabara, akamwambia yale ya magari ya mashindano. Mzee alicheka.

"Mwanangu, tairi lile limezaliwa laini. Mpira wake ni mpya na mororo, umetengenezwa kwa lami kavu, na ukipata joto unanata. Mvua ikinyesha, hata matajiri wale wanaingia gereji kuvaa tairi lenye mifereji ya kutoa maji. La kwako halikuzaliwa laini. Limezeeka."

Mzee ana haki. Katika Safari Rally ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, timu zinachagua matairi kwa kuangalia udongo na mbingu. Njia zake ni vumbi na mawe, na mvua ikishuka ni tope. Hakuna anayeleta tairi lenye upara pale.

Kwado alimwekea matairi matatu chini. La kwanza lilikuwa kuukuu, bado lina meno, bei ndogo. Mzee alimwonyesha tarakimu nne ubavuni: 1413. Maana yake ni juma la 14 la mwaka 2013. Akalikunja kidogo, na mipasuko midogo ikaonekana. Mpira uliokauka hivyo hauna nguvu ya kukamata, hata ukiwa na meno.

La pili lilikuwa jipya, la mjini, lenye mifereji midogo. Hilo linadumu kwenye lami, lakini mifereji yake inajaa udongo mara moja na kugeuka upara. La tatu lilikuwa na meno makubwa yaliyoachana. Tope linatoka katikati yake, ila kwenye lami linaisha haraka na kutetemesha, na kwenye kona yenye maji linaweza kuteleza.

"Ulianguka wapi?" mzee akauliza.

"Kwenye tope."

"Basi nunua tairi la pale ulipoanguka, si la pale unapopiga soga na wenzako."

Mwishoni walichagua la katikati, ambalo mzee alilitoa ndani: meno ya kiasi, yenye nafasi ya kutoa tope, lakini yaliyokaribiana katikati ili lisiishe upesi mjini. Walisoma pia namba zake. 3.00-17 ni ukubwa unaolingana na rimu yake. 50 ni alama ya uzito, yaani tairi hilo moja linabeba hadi kilo 190. Mshale ubavuni ulionyesha upande wa kuzunguka.

Pesa haikutosha. Mzee alikubali alipwe kwa mara mbili. Hata hivyo binti alirudishwa nyumbani siku nne kwa sababu ya deni la shule, na baba hakupata la kumwambia ila ukweli.

Juma lililofuata alivuka tena Lualaba na kumpelekea yule mama unga. Kabla ya kuupokea, mama alizunguka nyuma ya pikipiki na kuangalia.

Ndivyo kila msafiri anavyopaswa kufanya, hasa familia za wahami ambazo hazina njia nyingine ya kufika zinakokwenda. Kabla ya kupanda, pitisha kidole kwenye tairi la nyuma. Kama hakuna mfereji, kama nyuzi zinaonekana, au ubavu umepasuka, usipande, hasa ukiwa na mtoto. Kama mzigo ni mwingi, uliza uende kwa safari ya pili. Kumwambia motari "hapana" si kumtukana. Na wewe motari, ukiwa bado unatafuta pesa ya tairi, baki mjini kwenye lami kavu, kwa mwendo wa polepole, na mvua ikianza simamisha kazi. Ng'ambo ya mto itakungoja.