Safu ya Mwisho ya Rejista

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa maabara katika kituo kimoja cha afya mkoani Singida. Kazi yangu ilikuwa kupaka makohozi kwenye slaidi, kuyatia rangi, kisha kutafuta kwenye hadubini vijiti vyekundu juu ya buluu. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, rejista ya kifua kikuu nayo nikaachiwa mimi.

Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mzima au zaidi. Sasa ilikuwa miezi 8. Miwili ya kwanza alilazwa, akachomwa sindano ya streptomaisini kila siku na kumeza rifampisini mbele ya muuguzi. Sita iliyobaki alimezea vidonge kwao, akija kuchukua vingine kila mwezi.

Hiyo sita ndiyo ilitutoa jasho. Mvua za Desemba zikishanyesha na kikohozi kimekata, nani ataacha shamba la uwele atembee nusu siku kufuata vidonge?

Kila robo mwaka mratibu wa wilaya alikuja na pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Tulifungua kurasa za walioanza dawa mwaka uliopita, akauliza jina moja moja: huyu aliishia wapi? Majibu yalikuwa sita tu: amepona, amemaliza dawa, dawa zimeshindwa, amefariki, ametoroka, amehamia kituo kingine. Kuruka jina ilikuwa mwiko. Na “amepona” ni yule ambaye makohozi yake ya mwisho yalipimwa yakawa safi. Aliyemeza vyote bila kupimwa aliandikwa “amemaliza”.

Siku moja alinikuta nimeandika “amepona” kwa mzee ambaye hakurudi kupimwa.

“Slaidi yake iko wapi?”

“Nilimwona mnadani, mkubwa. Amenenepa, anabeba gunia.”

“Macho yako siyo hadubini,” akasema, akaifuta kwa kalamu nyekundu.

Kisha akafika kwa mama mmoja niliyemwandika “ametoroka”. Akaniuliza kama nilikwenda kwake. Sikwenda. Kesho yake nikapanda baiskeli, upepo wa Singida ukinisukuma nyuma kila nikikanyaga. Nikaelekezwa nyumbani kwa wazazi wake, mbali zaidi. Nilimkuta kwenye kigoda akichambua mlenda.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alikuwa amehamia pale kumuuguza mama yake, na dawa akichukua zahanati ya jirani, mwezi hadi mwezi. Akanionyesha kadi; haikuwa na pengo hata moja. Nilipomweleza tulivyomwandika, alicheka kidogo.

“Sijatoroka, baba. Ninyi ndio mmenipoteza.”

Niliporudi nilipekua droo yangu. Barua ya uhamisho wake ilikuwa humo, chini ya boksi la slaidi.

Baadaye nilijifunza kwamba hesabu ile ya jina kwa jina ilikuwa kazi ya Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia aliyeshirikiana na mpango wetu, naye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo uliojaribiwa Tanzania kwa jina la DOTS. Miaka hiyohiyo UKIMWI ulitujazia safu ya “amefariki”, lakini hata wakati huo hatukuruhusiwa kuficha jina ili asilimia ipendeze.

Nimestaafu. Dozi ya kawaida sasa ni miezi 6. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliondoa neno la utoro katika matokeo ya matibabu. Mgonjwa wa namna hiyo sasa huhesabiwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Mama wa mlenda alikuwa ameshanisahihisha miaka mingi kabla yao.