Thuluthi ya Nini?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo nimeamua kuandika jambo ambalo limekuwa likinikera tangu 2023. Si habari za simu mpya wala programu mpya. Ni habari za mtihani wa kuingia utumishi wa serikali katika jimbo la Uttar Pradesh, kule India, na mstari mmoja wa msimbo nilioukosea. Vumilieni kidogo, maana ni lazima kwanza niwaeleze mtihani wenyewe.

Nilisomea shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi mjini Pune. Chumbani nilikaa na kijana kutoka kijiji kimoja karibu na Gorakhpur, mashariki mwa Uttar Pradesh. Yeye alinifundisha Kihindi cha sokoni na kupika dengu, nami nikamfundisha kusonga ugali, ingawa unga wa kule ni wa manjano na hautoi ugali wa nyumbani. Tuliitana bhai, yaani ndugu. Tulipohitimu, mimi nilirudi Nairobi, naye akapata kazi ya kuandika programu palepale Pune. Mwaka wa 2020 aliiacha kazi hiyo na kuhamia Prayagraj, mji ulioitwa Allahabad hadi 2018. Huko ndiko yaliko makao ya Tume ya Utumishi wa Umma ya jimbo lao, tume iliyoanza kazi mwaka wa 1937.

Nilimwambia wazi kwamba amepotoka. Mtu anaacha vipi mshahara mzuri ili akakariri historia ya India katika chumba cha kupanga? Akanijibu kwamba babake alihangaika miaka mingi kurekebisha jina lililoandikwa vibaya kwenye hati ya shamba. Kila akienda aliambiwa arudi wiki ijayo. Siku moja akaja afisa mpya, kijana, akaisoma faili, akatia sahihi. Dakika kumi! "Yule kijana," bhai akaniambia, "aliingia kazini kwa mtihani huu." Sikubishana naye tena.

Haya basi, mtihani wenyewe uko hivi. Hapa kwetu Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi, watu wakatuma maombi, kisha wachache wakaitwa mahojiano. Kule ni mtihani wa hatua tatu: mchujo, mtihani mkuu, halafu mahojiano. Anayeruhusiwa kuufanya ni mtu mwenye shahada, na kwa kawaida awe na umri wa miaka 21 hadi 40. Anayefika kileleni huwa naibu mkusanya kodi wa wilaya, cheo ambacho jina lake ni la enzi za Mwingereza lakini kazi yake ni kusimamia ardhi, amani na malalamiko ya watu katika tarafa nzima. Wengine huwa manaibu wasimamizi wa polisi, na kuna nafasi nyingine nyingi chini yao.

Mchujo ni karatasi mbili, zote za kuchagua jibu, zote siku moja. Asubuhi ni Maarifa ya Jumla ya Kwanza: maswali 150, alama 200, saa mbili. Humo mna matukio ya karibuni, historia ya India na harakati za uhuru, jiografia, katiba na utawala, uchumi, mazingira na sayansi. Alasiri ni karatasi ya pili: maswali 100, alama 200, saa mbili tena. Hiyo ni ya kupima ufahamu, mantiki, kufanya maamuzi, hesabu za kiwango cha darasa la kumi, Kiingereza na Kihindi. Karatasi hii ya pili unatakiwa tu kupata asilimia 33. Haihesabiwi zaidi ya hapo. Kinachoamua nani apite ni ile ya asubuhi.

Ukipita mchujo, alama zake zinatupwa. Mtihani mkuu una karatasi nane, kila moja ya saa tatu: Kihindi alama 150, insha alama 150, na Maarifa ya Jumla karatasi sita za alama 200 kila moja. Jumla 1,500. Kwenye insha unaandika tatu, kila moja ya maneno 700. Karatasi za Maarifa ya Jumla zina maswali 20 kila moja, yote ya lazima: kumi mafupi ya maneno 125 na kumi marefu ya maneno 200. Pigeni hesabu wenyewe mwone mkono unavyouma! Mahojiano ni alama 100, na jumla kuu inakuwa 1,600.

Hadi mtihani wa 2022 kulikuwa pia na somo la hiari, ambalo mtu alichagua mwenyewe na kulifanyia karatasi mbili. Bhai alichagua jiografia akaisoma kwa zaidi ya miaka miwili. Kuanzia mtihani wa 2023 somo la hiari likaondolewa, na mahali pake zikaja karatasi mbili kuhusu Uttar Pradesh yenyewe: historia yake, utamaduni, utawala, uchumi, kilimo. Madaftari yake ya jiografia yalijaa sanduku zima. Sisi waandishi wa programu hulia mtu akitubadilishia toleo la maktaba ya msimbo katikati ya mradi. Nilimsikiliza siku ile nikaona aibu kwa malalamiko yangu yote.

Sasa tufike kwenye kosa langu.

Katika mchujo, jibu lisilo sahihi linakatwa alama. Wale mliofanya KCPE mnakumbuka tulivyoambiwa na walimu: usiache swali wazi, ukikosa jibu weka lolote, huenda ukabahatika. Kule ushauri huo unaweza kukuangusha. Mwishoni mwa 2022 bhai aliniandikia: "Nitengenezee programu ndogo ya mazoezi. Niingize majibu yangu, inipe alama, iniambie pia kama kubahatisha kunalipa. Jibu baya linakatwa thuluthi moja, 0.33."

Kazi ya jioni mbili. Niliiandika kama ukurasa wa wavuti unaofanya kazi hata bila mtandao, maana simu yake ilikuwa ya bei nafuu na mtandao wa mtaani kwao Salori ulikuwa ukikatika. Ilikuwa na saa ya kuhesabu dakika, majedwali, hata rangi ya kijani ukifaulu. Akaipenda. Akawapa vijana watano waliokaa naye nyumba moja. Nilijisikia fundi kwelikweli.

Ndani ya msimbo niliandika hivi: jibu sahihi, ongeza 200 gawa kwa 150, yaani 1.33. Jibu baya, ondoa 0.33.

Mmeona kosa? Mimi sikuliona kwa miezi mitano. Sheria inasema inakatwa thuluthi moja ya alama za swali hilo. Swali lina alama 1.33. Thuluthi yake ni 0.44, si 0.33. Ile 0.33 ni thuluthi ya moja, na hakuna swali la alama moja katika karatasi hiyo.

Mtu atasema, alama 0.11 ni nini? Tuchukue mfano. Umepata maswali 90, umekosa 48, umeacha 12. Majibu sahihi yanakupa 120. Kwa sheria ya kweli unakatwa 21.33, unabaki na 98.67. Kwa programu yangu ulikatwa 15.84, ukabaki na 104.16. Ni kama alama tano na nusu za bure, katika mtihani ambapo umati wa watu hutenganishwa na alama moja.

Na kuna baya zaidi. Ukibahatisha kabisa kati ya majibu manne, mara moja kati ya nne utapata, mara tatu utakosa. Kwa sheria ya kweli: robo ya 1.33 ni 0.33 unayopata, robo tatu za 0.44 ni 0.33 unayopoteza. Jumla sifuri. Waliotunga kanuni hiyo walikusudia hivyo, kwamba anayebahatisha asipate faida wala asipate hasara kwa wastani. Ukiweza kuondoa jibu moja kwa uhakika, unaanza kufaidi kama 0.15 kwa swali. Ukiondoa mawili, 0.44. Lakini programu yangu ilimwambia bhai kwamba hata kubahatisha gizani kunamlipa karibu 0.09 kwa kila swali. Kwa hiyo ilimwandikia, kwa rangi ya kijani: jibu yote.

Mchujo ulifanyika Mei 14, 2023. Bhai alijibu maswali yote 150, na takriban 20 kati ya hayo hakuwa na fununu yoyote. Alipojisahihisha kwa majibu yaliyotolewa baadaye, programu ilimwambia amepita bila wasiwasi. Kumbe hata kabla ya hapo, mwezi mzima wa Aprili, aliacha kusoma ya mchujo akaanza zile karatasi mpya za Uttar Pradesh, kwa sababu kila zoezi lilimwonyesha ana akiba ya kutosha. Matokeo kule hutolewa kama orodha ndefu ya namba. Aliitafuta yake mara tatu. Haikuwepo.

Usiku huo nilifungua msimbo ili nijue tatizo liko wapi. Nilichukua kalamu na karatasi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo, na katika dakika chache nikaliona.

Nitawaambia ukweli. Nilikaa na siri hiyo siku nne. Hakuna mwingine aliyejua. Ningeweza kurekebisha mstari mmoja, nikamtumia "toleo jipya lenye maboresho," na maisha yakaendelea. Tena nilijitetea: kubahatisha kwa wastani hakumpunguzii kitu, labda angeanguka hata hivyo. Hesabu hiyo ni sahihi, na bado haikunipa usingizi. Aprili yake nzima aliipanga kwa kuiamini namba niliyompa mimi.

Siku ya tano nikampigia simu nikamweleza. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Umerekebisha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi waandikie na hawa wengine watano, mmoja mmoja. Usinitume mimi." Nikawaandikia. Wawili hawakunijibu, na sikuwalaumu. Bhai alinipigia wiki iliyofuata akacheka kidogo: "Tulikuwa sita, sote na digrii, na hakuna aliyepiga hesabu kwa mkono." Alikuwa akinipunguzia mzigo. Sikuupunguza.

Alama za washindani hutolewa baada ya mchakato wote kwisha. Alikuwa amepungukiwa na alama zisizofika nne.

Hadithi haijaisha. Mtihani wa 2024 ulisajili zaidi ya watu laki tano na nusu, huku nafasi zilizotangazwa mwanzo zikiwa 220. Tume ikapanga mchujo ufanyike kwa siku mbili, Desemba 7 na 8, kila siku na maswali yake, halafu alama zisawazishwe kwa fomula: unapimwa kwa asilimia ya watu wa zamu yako uliowapita au kulingana nao. Novemba 11, 2024 wanafunzi walifurika nje ya ofisi za Tume wakidai siku moja, zamu moja. Bhai alinipigia akiwa hapo hapo, kelele zimejaa. "Wewe mtu wa tarakilishi, niambie, hii fomula ni ya haki?"

Nilianza kumwelewesha. Watu wakigawanywa kwa nasibu, na wakiwa wengi, makundi mawili hukaribiana uwezo. Mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi kule India nao hutumia njia ya namna hiyo. Akanikatiza. "Bhai, mtihani mwingine wa Tume uliofanyika Februari mwaka huu ulifutwa kwa sababu maswali yalivuja. Unataka nikabidhi miaka minne kwa hesabu nisiyoweza kuihakiki mimi mwenyewe? Wewe unaamini fomula kwa sababu ni wewe unayeiandika."

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka ile 0.33.

Novemba 14 Tume ilikubali mchujo ufanyike siku moja, na ukafanyika Desemba 22, 2024. Safari hii bhai alifanya mazoezi kwa karatasi na penseli, akatumia programu yangu kulinganisha tu. Aliacha maswali 17 wazi. Akapita. Mwishoni mwa Juni 2025 aliingia mtihani mkuu, karatasi nane kwa siku nne, na jioni ya siku ya mwisho alinitumia picha ya vidole vyake vyenye wino, bila neno lolote. Yaliyofuata ni yake kuyasimulia, si yangu.

Mimi nilichobadilisha ni kitu kidogo. Kila programu ninayoandika yenye hesabu inayomhusu mtu, iwe mkopo, kodi au alama, naweka mfano mmoja uliopigwa hatua kwa hatua mahali ambapo mtumiaji anauona, ili aweze kunikamata. Wenzangu kazini huniuliza kwa nini napoteza nafasi kwenye kioo. Mkiniona naulizwa tena, waambieni waniulize: thuluthi ya nini?

Hadi wakati mwingine, kwaherini.