Mwenzio Karudi?

S. N. Goenka, mfanyabiashara wa ukoo wa Kihindi aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, alikwenda kujifunza kutafakari kwa sababu ya kichwa. Kipandauso kilimtesa mpaka akawa anachomwa mofini, na akaanza kuiogopa sindano kuliko maumivu. Mwalimu aliyemwendea, U Ba Khin, hakuwa mtawa. Alikuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali. Akamkatalia. Alimweleza kwamba anayekuja kutafuta dawa ya kichwa anaishusha thamani njia yenyewe. Njia ni ya kutoka kwenye mateso. Kichwa, kikipona, kitaponea humo humo.

Niliposoma habari hiyo niliudhika. Mtu wa kipandauso ni mimi. Nilianza kutafakari kwa sababu mama yangu anapoteza kumbukumbu na mimi ndiye ninayeishi naye. Kutwa ananiuliza, "Mwenzio karudi shule?" Mwenzangu ni kaka yangu, na kaka alifariki mwaka 2009.

Saa kumi na moja na nusu, nikishaswali alfajiri, nakaa sakafuni nafuata pumzi. (Sijabadili dini. Mama ndiye aliyenifundisha kuswali, na katika yote aliyoyasahau, Fatiha bado anayo.) Zipo siku ambazo ndani kunakuwa kweupe kabisa: hakuna bei ya dawa, hakuna dada wa kazi aliyeaga jana. Utulivu ule ni wa kweli, na sipendi anayeubeza. Lakini una saa zake, kama umeme wa mgawo. Kufika saa mbili swali limeulizwa mara ya nne na koo langu limekaza.

Kilichonivuta kwenye Ubudha ni kwamba jambo hili limo tangu mwanzo wa hadithi yake. Kabla hajawa Buddha, Siddhartha Gautama alisoma kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Wa kwanza alimfikisha mahali ambapo akili haishiki kitu chochote. Wa pili alimpeleka mbali zaidi, pale ambapo huwezi kusema utambuzi upo wala haupo. Wote wawili walimtaka abaki aongoze wanafunzi. Akaondoka, maana mtu akitoka kwenye hali ile anaikuta tamaa na chuki mlangoni, zinamsubiri. Wabudha wana mfano wa jiwe juu ya majani: yamelala, hayajafa. Inua jiwe, ngoja mvua.

Wala hakuutupa utulivu. Chini ya mti pale Bodh Gaya aliutumia kama mtu anavyosubiri maji ya kisima yatulie ili aone chini. Ndiyo maana kwenye mafunzo ya siku kumi aliyoyaeneza Goenka, siku tatu za kwanza ni pumzi tu; kuanzia ya nne unapitia mwili wote, ukitazama kila hisia inavyoinuka na kupita, bila kuikimbilia wala kuikimbia. Hata raha ya kutulia inapita, nayo unaitazama. Programu ya simu niliyokuwa nikiitumia haikuwahi kufika hapo. Iliniuzia jiwe tu, kwa malipo ya kila mwezi.

Nimeanza kutazama jikoni, swali linapokuja. Kwanza ni joto kifuani, halafu taya. Linapanda, linafika mahali, linashuka, na wakati mwingine linashuka kabla sijajibu. Kwa wiki kadhaa niliita kitu hicho hasira. Ni huzuni. Kila mama anapouliza, namzika kaka upya, na yeye, kwa kuwa amesahau, hajamzika hata mara moja. Ninamwonea wivu kidogo. Utulivu wa alfajiri haukuwahi kunionyesha hilo. Kazi yake ilikuwa kulifunika.

Sijui kama hii ndiyo amani wanayoizungumza Wabudha. Haina raha ya ile ya sakafuni. Ila haiishi saa mbili.

Juzi jioni aliuliza tena, nami nilikuwa napakua ugali.

"Bado, mama."

"Basi mwekee chakula chake, atakuja na njaa."

Nikachukua sahani, nikaweka, nikafunika.