Bei ya Usingizi

Njia itokayo Mbeya kwa Chunya, Rungwa na Itigi huikuta barabara kuu ya Dodoma na Singida hapo Mkiwa. Hapo nilishuka usiku, mgeni asiye na mwenyeji.

Kuanzia mwaka 1998, na kwa miaka mingi, Priceline ya Marekani iliwaruhusu wasafiri kutaja kwa intaneti bei waitakayo. Hoteli ilipokubali, fedha zilikatwa kabla mgeni hajaijua kwa jina. Mnunuzi hakumwona muuzaji, wala muuzaji hakumwona mnunuzi. Kwa hiyo haya haikuwapo.

Mimi nilitaja bei yangu uso kwa uso. Mama wa nyumba ya wageni alitaka shilingi 15,000, nikasema 8,000. Alinitazama, akalitazama giza, akasema:

"Ingia, mwanangu."

Alfajiri nilikuta ndoo ya maji ya moto mlangoni. Ushindi wangu ukanichoma. Nikampa 7,000 zilizobaki, akazikataa.

"Tulikwisha kupatana."

Mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake. Nililala katika mji wa jina hilo, wala sikuwa mkiwa. Kushinda bei ni rahisi. Kumtazama uliyemshinda ni kazi.