Bolti Isiyoonekana

Mdogo wangu alinunua Subaru Impreza iliyokwisha kutumika, gari aliloliota tangu akiwa sekondari. Muuzaji alimhakikishia kuwa breki zimetoka kwa fundi. Kwa kutazama tu, usingebisha: kalipa, vile vifaa vinavyobana diski ili gari lisimame, zilipakwa rangi nyekundu iliyong'aa nyuma ya rimu. Lakini kila aliposhuka kutoka Machame kwenda Moshi, alisikia mgongano kwenye gurudumu la mbele. Tukaenda pamoja kwa fundi mwingine.

Gurudumu lilipotolewa, fundi alinyamaza kidogo. "Baba Mchungaji, njoo uone." Kalipa hiyo ilipaswa kushikwa na bolti mbili. Moja haikuwapo. Nyingine ilizunguka kwa vidole. Mpira wa mafuta ya breki ulifungwa kwa waya, nao ulikuwa umesuguliwa na tairi hadi nyuzi za ndani zikaonekana. Mdogo wangu hakusema neno. Jumapili iliyotangulia aliwaleta watoto wake watatu kanisani kwa gari hilo.

Tukisoma Amri ya Saba, inayokataza wizi, wengi tunamfikiria mvunja mlango wa usiku. Martin Luther hakuishia hapo. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 aliwahesabu humo pia mafundi na vibarua wanaopokea malipo bila kufanya kazi kwa uaminifu. Katekisimo Ndogo ya mwaka huohuo inaongeza kwamba kutoiba peke yake hakutoshi: tumsaidie jirani mali yake na riziki yake vilindwe. Aliyeiacha bolti ile hakutia mkono mfukoni mwa mtu, lakini alichukua fedha ya kazi ambayo hakuifanya, akahatarisha uhai wa watoto asiowajua.

Fundi wa pili alifunga bolti mpya, akazikaza, akapima, akarudia kupima. Akabadilisha mpira. Kisha akarudisha gurudumu, na kazi yake yote ikafichika. Hakuna atakayeiona ili amsifu. Nami nikaona kwamba ile nayo ilikuwa ibada, ingawa ilikuwa Jumanne na mikono yake ilijaa grisi.

Mpendwa, wewe unayesuka nondo kabla zege halijamwagwa, unayepika chakula cha shule, unayetunza hesabu za usharika, kazi yako nayo ina sehemu iliyofichika. Mungu anaiona. Jirani yako haioni. Hana la kufanya ila kukuamini.